Mifugo ya Magenge Mekundu

Tarehe kumi na tano Desemba, saa nne asubuhi, Ofisi ya Mkuu wa Wilaya ya Ulaan Khongil ililitangazia taifa zima la Mongolia, pamoja na nchi jirani zenye nia njema, kwamba mifugo ya wilaya hiyo imeongezeka kwa vichwa elfu nne mia tatu na kumi na viwili ndani ya siku tatu, bila mbuzi hata mmoja kuzaa. Tangazo lilisomwa redioni baada ya taarifa ya hali ya hewa, likabandikwa kwenye mlango wa ofisi, wa duka na wa bafu la umma. Chini kabisa palikuwa na muhuri, saini ya Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Namkhai, na kwa mwandiko mdogo wa adabu, jina la aliyeyaandika yote hayo: Sodnom, Afisa Takwimu.

Sodnom hakuona ajabu yoyote. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na ishirini kati ya hiyo aliitumia kuhesabu mifugo kila Desemba kama sheria inavyotaka: farasi, ngamia, ng'ombe, kondoo na mbuzi. Midomo mitano, ndivyo wanavyosema watu wa kule, na fomu ilikuwa na safu tano. Mdomo wa sita haukuwa na safu, kwa hiyo Sodnom hakuwa na hakika kama upo duniani.

Shida ilianza na baridi ya mwaka juzi, ile dzud iliyofunika majani kwa barafu mpaka kondoo wakafa wamesimama. Tangu hapo wilaya haikufikisha tena vichwa laki moja, na wilaya isiyofikisha laki haipewi Bendera ya Ustawi. Mheshimiwa Namkhai alikuwa amekwisha kupigilia msumari wa kuitundikia Bendera nyuma ya kiti chake. Kila mgeni aliyeingia aliutazama ule msumari mtupu, na kila alipoutazama Mheshimiwa aliumia.

Mwaka huo hesabu ilikuwa elfu tisini na sita na mia moja. Sodnom alipoileta, alimkuta bosi wake anasoma daftari la mwanachuoni mmoja wa makumbusho, aliyekuja kiangazi akakaa miezi miwili chini ya Magenge Mekundu akisugua udongo kwa mswaki. Magenge yale ni kuta ndefu za tope la kale lililokauka likawa mwamba, na ndani yake mna mifupa ya wanyama walioishi kabla binadamu hajafikiriwa. Mwanachuoni aliiorodhesha yote, mmoja mmoja, akaacha nakala ofisini kwa heshima.

"Sodnom, ndugu yangu," alisema Mheshimiwa bila kuinua macho. "Sheria inatutaka tuhesabu nini?"

"Mifugo yote iliyomo ndani ya mipaka ya wilaya, Mheshimiwa."

"Imesema iwe hai?"

Sodnom alitoa kijitabu mfukoni, akasoma kifungu mara mbili, mara ya pili kwa kidole.

"Haikusema."

"Basi! Watu wengi wanadhani sheria husomwa yale yaliyoandikwa. Kiongozi husoma yale yasiyoandikwa. Hawa hapa elfu nne mia tatu na kumi na wawili, wamelala kwetu, hawali, hawanywi, na sisi tumekaa kulia njaa."

"Lakini si wanyama wa porini hao?"

"Mnyama wa porini akimwona mtu hufanya nini?"

"Hukimbia."

"Mwanachuoni kawashika mmoja mmoja kwa mkono. Kuna aliyekimbia?"

Sodnom alipitia daftari zima. Hakuna aliyekimbia. Akakubali kwamba hata kondoo wa shangazi yake hawakuwa watulivu kiasi hicho.

Walifunga mlango wakaanza zoezi la kuwapanga. Wa kwanza alikuwa jitu la kifaru lisilo na pembe, kimo chake hema mbili za ger moja juu ya nyingine. Mheshimiwa alisema shingo ndefu, miguu mirefu, hana pembe: huyo ngamia, tena ngamia mwenye afya. Walikuwapo kumi na wanane. Wale wa umbo la nguruwe wenye vichwa vya kutisha waliingizwa kwenye ng'ombe. Mababu wa sungura na panya, ambao ndio walikuwa wengi, elfu tatu na ushei, waligawanywa: wenye meno makubwa mbuzi, wenye meno madogo kondoo. Palibaki mmoja tu mwenye meno ya fisi.

"Huyu anakula nyama," alisema Sodnom. "Tukimwandika zizi moja na wenzake, mkaguzi atauliza."

"Amekula yeyote mwaka huu?"

"Hakuna taarifa."

"Mbuzi," alisema Mheshimiwa.

Safu ya umri iliishia "zaidi ya miaka mitano", wakawaweka hapo wote, na safu ya majike ya kuzaa wakaijaza nusu kwa nusu kwa kuzingatia usawa wa kijinsia. Fomu ikadai makadirio ya watoto watakaozaliwa majira ya kuchipua. Sodnom alipiga hesabu kwa kanuni ya kawaida, akapata elfu moja mia tisa, akaandika. Alikuwa na mwandiko mzuri sana.

Lilibaki jambo moja. Kwa mujibu wa utaratibu, hakuna mnyama asiye na kaya. Na kaya iliyo karibu kuliko zote na Magenge Mekundu ilikuwa ya Bibi Tsevelmaa, mjane wa miaka sitini na saba, ambaye kambi yake ya majira ya baridi iliegemea magenge yale kwa mgongo. Alikuwa na vichwa mia moja na arobaini, mabaki ya dzud. Akaandikishwa vichwa elfu nne mia nne hamsini na viwili, akawa mfugaji mkubwa kupita wote katika historia ya wilaya, naye hana habari, yuko zizini anakamua.

Fomu ni kama jirani mchonganishi, ukiipa neno moja itakutafutia la pili. Sodnom alipoingiza jina la Bibi Tsevelmaa, jedwali la malisho lilionyesha kwamba kaya hiyo imezidisha uwezo wa ardhi mara ishirini na saba. Na kaya iliyozidisha huandikiwa barua ya kuhama. Sodnom aliichukua barua hiyo kwa Mheshimiwa akitumaini ataicheka na kuichana.

"Mheshimiwa, huyu mama akihama Januari mbuzi wake hawafiki. Zizi lake lina tandiko la samadi kavu la miaka arobaini. Ndilo linalowapa joto."

"Kwani mimi ndiye niliyetunga kanuni?"

"Hapana."

"Sheria ni msumeno, Sodnom," alisema Mheshimiwa, akasaini.

Safari ya kwenda Magenge Mekundu ni saa tatu kwa pikipiki, na saa zote tatu Sodnom aliona aibu. Aliona aibu zaidi alipopokewa. Bibi Tsevelmaa alimwekea chai ya maziwa yenye chumvi na sahani ya jibini kavu, akamvua glavu kama mtoto, akamsogeza karibu na jiko.

"Umekonda, mwanangu. Ofisini hawakulishi? Haya, lete hiyo karatasi unayoificha kifuani, maana imekukaa kama jipu."

Sodnom akamweleza kwanza habari za mifugo. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mimi? Nina ngamia kumi na wanane kama milima? Marehemu mume wangu angekuwapo angetamba mpaka mkoani! Na maziwa yao nakamulia wapi, juu ya ngazi?"

"Si jambo la kucheka, bibi. Soma mwenyewe, au nikusomee."

Akamsomea. Mmiliki wa mifugo iliyozidi uwezo wa malisho ahame na mifugo hiyo ndani ya siku ishirini, kwenda malisho ya akiba ya bonde la Khuren, kilomita tisini, akae nayo huko mpaka majani yachipue. Kicheko kikakatika. Bibi alitazama mlango, na nje ya mlango mbuzi wake walikuwa wakikohoa kwenye samadi yao yenye joto. Hao mia moja na arobaini ndio waliobaki kati ya mia tano. Aliwaokoa kwa kuwalaza humu ndani ya ger, akiwalisha unga wake mwenyewe.

"Huko Khuren hawafiki," alisema polepole.

"Najua, bibi. Nilimwambia."

"Hebu nisomee tena hapo pa kuhama."

"Mmiliki wa mifugo iliyozidi..."

"Mmiliki. Hawakusema mchungaji?"

"Wamesema mmiliki."

Bibi Tsevelmaa alichukua kijiti akachokoa moto.

"Kunywa chai," alisema. "Inapoa."

Kesho yake alitokea ofisini kwa Mheshimiwa Namkhai amevaa joho lake la hariri la sikukuu, mkononi mfuko wa jibini kavu. Sodnom alikuwa kwenye meza yake ya pembeni. Alijiandaa kusikia kilio.

"Nimekuja kushukuru, Mheshimiwa," alisema bibi.

"Kushukuru?" Mheshimiwa alikuwa amejiandaa kwa kilio pia, hata leso alikuwa nayo.

"Nishani. Mtu akipitisha vichwa elfu si anavalishwa nishani ya Mfugaji wa Elfu pale mkoani? Mbele ya watu, na picha juu. Mimi nina elfu nne! Wananiambia hata mawaziri huja kumpa mkono."

Mheshimiwa Namkhai aliweka leso mezani. Alikuwa mtumishi wa umma kwa miaka ishirini na sita. Kondoo wake wote walikuwa sitini, wanalishwa kwa shemeji yake, na shemeji alikuwa akimkumbusha idadi hiyo kila sikukuu. Katika mambo yote aliyoyafikiria kuhusu Magenge Mekundu, hili la nishani hakulifikiria. Rangi ilimbadilika kuanzia masikioni.

"Wewe... utavaa nishani?"

"Ndiyo shida yangu, baba! Mimi mjane wa mbuzi, niivae niende nayo wapi? Nikiinama kukamua si itachovya kwenye maziwa? Halafu nasema, Tsevelmaa, acha tamaa, hawa wanyama si wako. Hawana alama yako. Nani aliyewagundua kwenye vitabu? Nani aliyewapigania?"

"Kweli, kazi ilikuwa kubwa," alikiri Mheshimiwa.

"Basi mwenyewe ajulikane. Si nyie watumishi wote mnaweka mifugo yenu kwetu tuwachungie? Niwekee na mimi. Mmiliki wewe, mchungaji mimi. Sidai ujira. Maziwa na sufu yao yote chukua."

"Wacha we," alisema Mheshimiwa kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeonyeshwa mlango ndani ya ukuta wa nyumba yake. "Huu ndio uzalendo. Sodnom! Andika mkataba."

Mkataba uliandikwa, ukapigwa mihuri mitatu pale ambapo mmoja ungetosha. Bibi Tsevelmaa aliacha mfuko wa jibini mezani na kuondoka. Alipopita karibu na meza ya Sodnom alimwambia tu, "Mwanangu, wewe ni mtu wa utaratibu. Mama yako alikuwa anakusifu hivyo."

Sodnom alifungua kijitabu. Kanuni ya kumi na saba: mmiliki akibadilika, nyaraka zote zenye jina la mmiliki wa awali zirekebishwe. Nyaraka zilikuwa tisa. Alizirekebisha kuanzia mchana, moja baada ya nyingine, na ya tisa ilikuwa ile barua ya kuhama. Hapo kalamu yake ilisimama kidogo. Alimfikiria Mheshimiwa, akawafikiria wale mbuzi wanaokohoa, akaisoma kanuni tena. Kanuni ilisema nyaraka zote. Akarekebisha.

Akazipeleka zote kwa rundo moja. Mheshimiwa alikuwa mbele ya kioo na kifuniko cha chupa, anajaribu nishani ikae kulia au kushoto. Akasaini tisa zote kwa pumzi moja.

Wiki ya pili Bendera ilikuja na mkaguzi wake. Bibi Ichinkhorloo, Mkaguzi Mkuu wa Mifugo, alikuwa mwanamke mfupi asiyecheka, aliyesafiri saa tisa kwenye gari la Kirusi lisilo na joto, akiwa ameipakata Bendera iliyokunjwa. Alikula maandazi ya nyama kumi na moja, akafuta mdomo, akasema, "Twende nikaione mifugo."

Wakaenda wote wanne, maana kwenye kambi Bibi Tsevelmaa alijiunga nao kwa cheo chake kipya cha mchungaji. Mheshimiwa Namkhai aliupungia mkono ukuta wa udongo mwekundu. Mfupa wa paja ulichomoza humo, mnene kama nguzo ya simu.

"Huyu ni nani?" aliuliza mkaguzi.

"Ngamia namba saba, Mheshimiwa Mkaguzi."

"Amelala?"

"Amepumzika."

"Tangu lini?"

Mheshimiwa alimtazama Sodnom. "Tangu miaka milioni thelathini na mitatu, kwa mujibu wa orodha," alisema Sodnom.

Mkaguzi aliandika. Akainama, akaugonga mfupa kwa kalamu.

"Amekonda."

"Amepungua kidogo," alisema Mheshimiwa. "Ni majira."

"Wamechanjwa?"

"Hakuna aliyeugua."

"Vizuri. Hapa naona mnatarajia watoto elfu moja mia tisa majira ya kuchipua. Nani atawazalisha?"

Jasho lilianza kumtoka Mheshimiwa Namkhai, na kwenye baridi ile lilikuwa likiganda kabla ya kufika kidevuni. Alikuwa ameitegemea Bendera, picha na chakula cha mchana. Maswali hakuyategemea kabisa.

"Mheshimiwa Mkaguzi, pengine kuna kosa dogo la kiuandishi. Tunaweza tukawafuta tu, yakaisha."

"Kuwafuta?" Mkaguzi alifunga daftari taratibu. "Takwimu zilizosomwa redioni hazifutwi, hutekelezwa. Mifugo elfu nne ikitoweka kwenye hesabu maana yake imekufa. Na ikifa elfu nne katika majira mamoja, pasipo dharura kutangazwa wala mzoga mmoja kuzikwa, Mkuu wa Wilaya hushtakiwa kwa uzembe. Sasa nakuuliza mbele ya mashahidi. Hawa wamekufa?"

Upepo ulipiga magenge, meno mawili ya mbuzi wa kale yakadondoka miguuni mwa Mheshimiwa.

"Hawajafa," alisema.

"Nimefurahi. Mmiliki ni nani?"

Sodnom alitoa jalada. Mkaguzi alipekua mkataba, akapekua hati ya malisho, akafika kwenye ile barua, akaisoma yote, halafu akamtazama Mheshimiwa Namkhai kwa macho yaliyolainika kwa mara ya kwanza tangu atoke mjini.

"Umejiandikia barua ya kujihamisha mwenyewe?"

"Mimi? Hiyo ya huyu mama!"

"Jina lako. Saini yako. Nimekagua wilaya mia moja na sita, sijapata kuona kiongozi anayejichukulia hatua. Wengine wote huanzia kwa wajane."

"Sodnom!" alifoka Mheshimiwa. "Nini hiki?"

"Kanuni ya kumi na saba, Mheshimiwa," alisema Sodnom, akamfungulia kijitabu mahali penyewe. "Nyaraka zote."

"Basi utekelezaji uanze," alisema mkaguzi. "Mmiliki ahame na mifugo yake kwenda Khuren."

"Kuna kizuizi," alisema Sodnom. "Sheria ya mambo ya kale hairuhusu kuondoa hapa hata jino."

Mkaguzi alifikiri kwa muda unaotosha kuchemsha chai. Bibi Tsevelmaa alikuwa amegeukia pembeni, mabega yanamcheza, akasingizia kikohozi.

"Iandikwe hivi," alisema mkaguzi. "Kwa kuwa mifugo haiwezi kwenda na mwenyewe, mwenyewe atakuja kwa mifugo. Akae nayo mpaka majani yachipue. Afisa Takwimu atashikilia ofisi. Mchungaji, kwa kuwa mwenye mali amefika, amepumzishwa, abaki na mbuzi wake mia moja na arobaini kwenye kambi yake. Na Bendera hufuata mifugo, si ofisi." Akamkabidhi Mheshimiwa Namkhai Bendera ya Ustawi kwa mikono miwili, akampongeza, akapanda gari.

Kwa hiyo Januari yote, mwaka ule, palikuwa na ger mbili chini ya Magenge Mekundu. Moja ilifuka moshi mzito mchana kutwa. Nyingine ilikuwa na Bendera juu ya mlango na moshi mwembamba wa kuombaomba, kwa sababu kule watu huwasha moto kwa samadi kavu, na Mheshimiwa Namkhai, mfugaji mkubwa kupita wote katika historia ya wilaya, alikuwa na vichwa elfu nne mia tatu na kumi na viwili visivyotoa hata kokwa moja. Kila asubuhi alikwenda kwa jirani na kikapu. Jirani alimjazia, akamtilia na bakuli la chai, hakumsimanga hata siku moja. Hilo lilimuuma Mheshimiwa kuliko baridi.

Mara moja kwa wiki Sodnom alifika na pikipiki kupokea taarifa ya maandishi kuhusu hali ya mifugo. Siku moja ya mwisho wa Januari alimkuta Mheshimiwa amesimama nje, kakunja mikono ndani ya joho, anatazama ukuta wake mwekundu. Bibi Tsevelmaa alikuwa anapita na mbuzi wake kurudi zizini. Alisimamisha farasi mbele ya mlango, akamwamkia kama mfugaji anavyomwamkia mfugaji mwenzake nchi nzima:

"Mifugo yako imenona, ndugu?"

Na kwa swali hilo kule halipo jibu ila moja. Hata mtu aliyezika kondoo wake wa mwisho jana atalijibu hivyohivyo, maana kusema vinginevyo ni kujiitia mkosi. Mheshimiwa Namkhai alikohoa.

"Imenona salama, bibi. Na yako?"

"Yangu imenona, ila baridi imeniulia mbuzi wawili." Akaitazama mifupa iliyochomoza ukutani, kutoka huku mpaka kule, akatikisa kichwa kwa heshima ya dhati. "Lakini wewe mchungaji bwana! Mwezi mzima huu, hajakufa hata mmoja."